Mchukue Mtoto wa Punda Kabla ya Mchinjaji

Punda ndiye lori la mkulima wa skimu. Huko Mwea huvuta magunia ya mpunga kutoka mashambani. Huko Kinangop na Ol Kalou hupeleka maziwa, viazi na kabichi mpaka barabarani, na karibu kila mahali huleta maji. Mkulima akimpoteza punda wake huanza kulipa watu wa pikipiki na mikokoteni kwa kila safari, na fedha hiyo hutoka katika maziwa yale yale aliyokuwa akiyauza.

Somo letu mwezi huu ni juu ya mtoto wa punda. Kuna mtoto ambaye mama yake ameuzwa kwa wachuuzi au ameibwa usiku. Kuna na yule anayeletwa sokoni akimfuata mama yake, na kwa kuwa hawezi kubeba kitu hakuna amtakaye, basi hupakiwa pamoja na mama kwenda kuchinjwa. Wengi wa watoto hawa ni machotara, maana punda wetu wamechanganyika siku nyingi na wenye punda hawaandiki ukoo. Jambo hilo lisikutie wasiwasi. Chotara aliyetokana na punda wawili atafanya kazi na atazaa. Asiyezaa ni nyumbu, ambaye mama yake ni farasi na baba yake ni punda, na huyo ni mnyama mwingine kabisa.

Mtoto wa namna hii aweza kupatikana kwa fedha kidogo, naye akitunzwa vizuri aweza kukutumikia miaka ishirini. Lakini ujue tangu mwanzo kwamba utamlisha kwa miaka mitatu kabla hajakuletea hata debe moja la maji. Ikiwa huwezi kungoja, afadhali umwache mwenzako amchukue.

KWA NINI PUNDA WAMEPUNGUA

Viwanda vya kuchinja punda kwa ajili ya kuuza ng'ambo vilianza kazi nchini Kenya mwaka 2016, kimojawapo kikiwa Mogotio katika Baringo. Baadaye vikawa vinne, pamoja na vile vya Naivasha, Machakos na Turkana. Kitu kilichotafutwa zaidi kilikuwa ngozi. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ikatoka namna ya gundi iitwayo ejiao, nayo hutumiwa kama dawa na huuzwa kwa bei kubwa.

Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, yaani KALRO, lilihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa katika viwanda hivyo kutoka mwaka 2016 mpaka 2018. Katika ripoti yake ya mwaka 2019 lilionya kwamba punda wanachinjwa upesi mno kuliko wanavyozaliwa, na kwamba mambo yakiendelea hivyo wangekaribia kwisha kufikia mwaka 2023. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda milioni 1.8 hivi. Ile ya mwaka 2019 ilipata milioni 1.2 hivi.

Februari 2020 Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, baada ya wenye punda kulalamika sana juu ya wizi. Mei 2021 Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kwamba punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi katika bara zima kwa muda wa miaka 15. Lakini mwizi hasomi maazimio ya wakuu. Punda huibwa usiku, huchunwa kichakani, na asubuhi mwenyewe hukuta mtoto amesimama peke yake akilia.

Tazama sasa hesabu ya kuzaa, maana wengi hufikiri punda huongezeka kama mbuzi. Punda jike hubeba mimba kwa mwaka mzima, na mara nyingi hupita mwaka kwa siku kadhaa. Huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra. Jike afanyaye kazi kila siku hazai kila mwaka, na akipata mtoto mmoja kwa miaka miwili mshukuru. Mtoto huyo naye, akiwa jike, hawezi kuzaa vyema kabla hajatimiza miaka minne. Kwa hiyo ukimuuza jike leo kwa sababu mchuuzi ametaja bei nzuri, na kesho ukataka kuweka mwingine mahali pake kwa kuzalisha, utangoja miaka mitano au zaidi. Fedha ya mchuuzi itakuwa imekwisha siku nyingi.

Basi neno la kwanza ni kwako wewe mwenye jike. Kabla ya kumuuza, mwite afisa wa mifugo akuambie kama ana mimba. Na kama ana mtoto anayenyonya, usiuze mama mpaka mtoto aweze kula mwenyewe. Ikiwa shida imekulazimisha, muuze mama pamoja na mtoto kwa jirani mwenye kazi nao, hata kama bei yake ni ndogo kidogo.

KUMCHAGUA SOKONI

Muuzaji atakuambia kwamba mtoto ameachishwa ziwa zamani. Usibishane naye, mfungue mtoto midomo uhesabu meno ya mbele. Mtoto mwenye meno manne juu na manne chini bado ni mchanga, na mara nyingi hajatimiza miezi sita. Huyo bado ahitaji maziwa. Yale meno ya pembeni, yanayofanya jumla kuwa sita juu na sita chini, hutokea kati ya miezi sita na mwaka. Ukiyakuta, mtoto huyo aweza kuishi kwa majani.

Kisha mtazame akitembea. Miguu minne yote ikanyage chini sawasawa. Pua isiwe na usaha, macho yawe maangavu, na sehemu ya nyuma chini ya mkia isiwe imechafuka kwa kuhara. Kama ni mtoto wa siku chache, shika kitovu: kikiwa kimevimba, kina joto au kinatoa maji, uchafu umekwisha ingia mwilini, na viungo vyake vitavimba baadaye. Mtoto kama huyo mwonyeshe daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, au usimchukue. Tunajua ni vigumu kumpa kisogo mnyama mgonjwa, lakini mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza punda ulio nao nyumbani.

Dai hati ya kuuziana yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake, na rangi na alama za mnyama. Tena pata kibali cha kuhamisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo. Punda wa wizi ni wengi sokoni, na mwenyewe akimtambua punda wake bomani mwako, hutakuwa na neno la kusema bila hati.

Ukifika nyumbani umtenge na wanyama wengine kwa wiki tatu. Katika muda huo daktari ampe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, na amchanje pepopunda. Ugonjwa huu umepewa jina la punda kwa haki, maana kidonda kidogo cha msumari au cha kamba chatosha kumwua.

MTOTO ASIYE NA MAMA

Huyu ndiye kazi kubwa, nasi tutakaa kwake kidogo.

Jambo la kwanza ni dang'a, yaani yale maziwa mazito ya kwanza. Ndani yake mna kinga ya magonjwa, na mtoto wa punda hazaliwi na kinga hiyo mwilini. Yampasa anywe katika saa sita za kwanza. Baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo hata akinywa ndoo nzima. Basi kama mama amekufa wakati wa kuzaa, mkamue upesi maadamu bado ana joto, umpe mtoto. Kama mtoto alikwisha nyonya siku mbili tatu kabla mama hajaibwa, hatari hiyo imepita.

Uliza kwanza kama kuna jirani mwenye jike anayenyonyesha. Baadhi ya majike humpokea mtoto wa mwingine akipakwa jasho au mavi ya mtoto wake mwenyewe, lakini wasimamie wawili hao kwa siku kadhaa, maana jike asiyependa aweza kumvunja mtoto mguu kwa teke moja. Mbuzi mpole wa maziwa pia aweza kumnyonyesha mtoto wa punda akisimamishwa mahali palipoinuka kidogo. Jambo hili limefanywa na wengi.

Usipopata mama wa kambo, utatumia chupa. Maziwa ya mbuzi hupatana naye yalivyo. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta mengi kuliko ya punda, na utamu wake ni mdogo. Kwa hiyo yaache yatulie mahali pa baridi, uengue sehemu kubwa ya malai juu, kisha katika kila lita moja utie gramu 20 za glukosi, yaani kama vijiko vinne vidogo. Glukosi huuzwa katika maduka ya dawa. Usitie sukari ya chai. Tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuivunja na ataanza kuhara.

Mtoto wa punda huzaliwa na uzito wa kilo 9 mpaka 16. Mwenye kilo 12 aanze kwa lita 1.2 kwa siku, igawanywe mara kumi na mbili, yaani kikombe kidogo kila saa mbili, usiku na mchana. Ongeza pole pole mpaka siku ya saba apate lita mbili na nusu au tatu. Ndiyo, na usiku pia. Watu wa nyumbani hawana budi kupeana zamu kama wanavyopeana zamu ya maji shambani. Baada ya wiki mbili waweza kumpa kila saa tatu au nne, na chakula cha usiku wa manane kikaachwa atakapotimiza mwezi mmoja na nguvu zake zikaonekana.

Maziwa yawe ya vuguvugu, chupa ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Mtoto anyweshwe akiwa amesimama kwa miguu yake, shingo imenyoshwa mbele kama anavyonyonya kwa mama. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, na usimwinue kichwa juu sana, kwa maana maziwa yataingia mapafuni. Akianza kuhara au akikataa chupa mara mbili mfululizo, usingoje asubuhi, mwite daktari.

Tangu wiki ya pili au ya tatu atachezea majani. Mwekee majani laini makavu na maji safi. Endelea na maziwa mpaka miezi mitano au sita, ukiyapunguza pole pole tangu mwezi wa nne.

NYUMBA NA CHAKULA

Kuna wakulima wanaofikiri kwamba punda ni mnyama mgumu asiyehitaji paa. Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika, na manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mvua ya Kinangop humlowesha mpaka kwenye ngozi, na mtoto aliyelowa usiku hupata homa ya mapafu. Mjengee kibanda cha kuta tatu, mgongo wake ukielekea upepo, na sakafu iwe kavu. Mabanzi na mabati ya zamani yatosha. Kibanda kiwe ndani ya ua na kifungwe kwa kufuli, maana ni hao hao wezi tuliowataja.

Chakula chake si cha gharama. Majani makavu ya Boma Rhodes, majani ya malishoni na mabua ya mahindi yatamtosha punda mkubwa. Mtoto aliyeachishwa ziwa ahitaji kitu bora zaidi ya mabua, hasa majani yaliyokatwa kabla hayajakomaa, na konzi ya lusini mara kwa mara. Majani ya mpunga peke yake hayamkuzi.

Lakini angalia mambo matatu ambayo huua. La kwanza ni mahindi yenye ukungu. Mkulima huona ni hasara kuyatupa, akampa punda. Sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa punda, naye huanza kuzungukazunguka na kugonga kichwa ukutani, na hakuna dawa. La pili ni chakula cha kuku, na vyakula vingine vya ng'ombe vya madukani, kwa sababu baadhi yake vimetiwa dawa iitwayo monensini. Dawa hiyo haimdhuru ng'ombe kwa kipimo chake, lakini kwa punda ni sumu ya moyo. La tatu ni majani ya mparachichi. Usimfunge chini yake.

Na punda anayekataa kula ni mgonjwa hata kama amesimama wima. Mafuta ya mwili humwagika katika damu yake na aweza kufa kwa siku chache. Wenye ng'ombe hawalijui jambo hili, kwa sababu ng'ombe huonyesha ugonjwa wake wazi. Punda hunyamaza.

TABIA YAKE

Watu husema asante ya punda ni mateke. Mara nyingi ni watoto wa nyumbani waliomfundisha. Mtoto wa punda aliyelelewa kwa chupa hana mama wa kumkanya, na watoto hucheza naye mieleka akiwa na kilo 20, wakacheka akiwarukia kwa miguu ya mbele. Akifika kilo 120 mchezo ni ule ule, lakini hakuna anayecheka. Dume aliyelelewa hivyo huuma vibaya sana. Kwa hiyo asilelewe peke yake. Mweke na punda mwingine, na kama hakuna, na mbuzi au kondoo, na wakati wa chupa ukiisha mrudishe kwa wenzake.

Dume usiyemtaka kwa kuzalisha ahasiwe kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu. Kazi hii ni ya daktari, kwa dawa ya ganzi na kinga ya pepopunda. Lile koleo la kuhasia ng'ombe halifai kwa punda, hata kama jirani amekuambia amelitumia.

KUMFUNDISHA KAZI

Anza mapema na mambo madogo. Akiwa na miezi sita azoee hatamu, kuongozwa na kuinuliwa miguu. Kwato zake zikatwe na fundi kila baada ya wiki nane hivi, kwa maana kwato zilizoachwa katika ardhi ya tope hukua kama viatu vya kupinda na mguu huharibika milele. Akiwa na miaka miwili atembee nyuma ya mkokoteni wa punda mkubwa asikie kelele zake.

Mzigo wa kwanza, ulio mwepesi, uwe akitimiza miaka mitatu. Mzigo kamili akitimiza minne. Hapa ndipo wengi huharibu mali yao. Baada ya kumlisha miaka miwili wamwona mkubwa kwa urefu, wakamfunga gari la mitungi ya maji, na mifupa ya mgongo na magoti bado ni laini. Tena waweza kutumia meno: mawili ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata akiwa na mitatu na nusu, na ya pembeni akiwa na minne na nusu. Punda ambaye hajabadilisha yale ya pili asibebeshwe mzigo wa mtu mzima.

Punda mkubwa wa kilo 150 asibebeshwe mgongoni zaidi ya kilo 50. Katika mkokoteni aweza kuvuta zaidi, ikiwa magurudumu yana upepo na mzigo umesawazishwa juu ya ekseli. Usimfunge nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kusukumia, lakini punda husukuma kwa kifua, kwa hiyo atumie mkanda mpana wa kifuani ulioshonwa kwa turubai na kujazwa nguo laini ndani. Kamba ya nailoni hukata ngozi kwa siku moja.

Ikiwa uliyemchukua ni jike, usimpeleke kwa dume kabla hajatimiza miaka mitatu. Siku utakayompeleka, andika tarehe yake ukutani mwa kibanda. Ukihesabu mwaka mmoja kutoka hapo utajua mwezi wa kumpumzisha: katika miezi mitatu ya mwisho mpunguzie mzigo, na mwezi wa mwisho asivute kitu.